Nasieku, Nani Sasa Atamsemea Zuhura?

Nasieku mdogo wangu,

Kaka yako alinipigia simu kuniambia kwamba homa haikukupa nafasi, na kwamba wamekuzika Simanjiro kwa bibi yako. Tangu siku hiyo niko huku Xiaobei, kwa Wachina, nakusemesha peke yangu kama aliyerukwa na akili. Leo nakuandikia, maana nikizidi kunyamaza nitapasuka.

Wakumbuka tulivyojuana? Nilikuwa nimefuata magauni ya jumla kwenye soko la Guangyuan Xilu, Zuhura nimemshika mkono. Mtoto wa miaka sita, hajawahi kuniita mama. Wapagazi wanaburuta marobota, spika za maduka zinalia kila moja na lake. Mara akajitupa sakafuni, kaziba masikio, anapiga mayowe. Watu wakatoa simu wakaanza kurekodi. Namvuta huku nalia kwa aibu, ndipo ukatokea wewe, msichana mrefu wa Kimaasai na begi la chuo mgongoni. Ukalala chini kando yake bila kumgusa.

"Usimvute, dada," ukasema, hunitazami. "Si ujeuri. Kelele zinamuuma."

"Umejuaje?"

"Zinaniuma na mimi. Nina usonji."

Sikuwahi kumsikia mtu mzima akijitaja hivyo. Baadaye ukanieleza kwamba unasomea tiba ya kisaikolojia, na kwamba shuleni ulichapwa kwa kutomtazama mwalimu machoni. Wenzako walicheka, wakasema Mmaasai huyu hajafundishwa adabu. Bibi yako tu ndiye aliyekuacha ukae kimya na ndama wako. "Mtoto huyu anasikiliza sana, mwacheni," aliwaambia watu wa boma.

Kila Jumamosi ukatukusanya juu ya mgahawa wa Wakongo, sisi wenye watoto wa namna hii tuliokuwa tukiwaficha vyumbani. Ukatuuliza, "Mnataka wapone nini?" Baba mmoja akakurushia maneno: "Wewe mwenyewe mgonjwa, utatufundisha nini?" Ulijitikisa mbele na nyuma kwa muda, vidole vikicheza na shanga za mkononi, kisha ukamjibu taratibu: "Mimi niko hukohuko aliko mwanao. Nakuelekeza njia ya kuingia." Wiki iliyofuata alikuja na mwanawe.

Zuhura ulimfundisha kuonyesha picha. Asubuhi moja aligusa picha ya uji, halafu akanigusa kifuani. Mwanangu ananiomba kitu! Nilikwenda kulilia jikoni.

Kisha ukamaliza masomo, ukarudi kwenu kuwatetea watoto wa wafugaji wanaofungiwa ndani. Nilikusindikiza nikifurahi. Laiti ningalijua!

Sasa hali ni hii, Nasieku. Mume wangu amechoka kuchekwa na jamaa zake. Juzi aliniambia, "Kaka anakuja mwisho wa mwezi, atamchukua Zuhura wende Unguja. Kapatikana mtu wa kumtoa pepo."

"Pepo gani? Mtoto amezaliwa hivi."

"Hayo ni maneno ya yule Mmaasai wako. Na yeye mbona kafa?"

Nawajua watu hao wa kutoa pepo. Wanafunga mikono, wanafukiza moshi, wanapiga ngoma sikioni. Zuhura hatatoka salama. Nikaificha pasi ya mtoto ya kusafiria chini ya mchele, mume wangu akaiona, akaichukua. Sili, silali. Nikifumba macho namuona mwanangu kafungwa, naye hana neno la kuniitia.

Jumamosi nilipanda kule juu ya mgahawa. Kiti chako hakuna aliyekikalia. Nikasimama, nikawaambia kina mama yote. Kisha Mama Divine, yule Mkongo muuza samaki, akauliza, "Huyo shemeji anafika siku gani?" Nikamtajia. Akavaa viatu vyake. "Basi siku hiyo tunalala kwako sote, na watoto wetu. Amtafute Zuhura katikati yao."

Sijui kama itatosha, mdogo wangu. Naogopa mpaka mifupa inauma. Ila mlango nitaufungua mimi, na neno la kwanza nitalisema mimi.

Mungu akulaze pema.

Dada yako wa ugenini,
Mama Zuhura