Ng'ombe Thelathini na Gari la Mbio

S.L.P. 47,
Tarime.
3 Novemba, 1974

Mpendwa Dada Philomena,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe pamoja na Agustina mdogo, na mkono wako uwe umeunga vizuri. Je, unaweza kunyanyua ndoo sasa? Na mtoto, bado anaamka akilia? Sisi huku tunaendelea. Mama anakohoa asubuhi, lakini jua likipanda anatembea na kufanya kazi zake. Mke wangu Wegesa ni mzima, na mvua imeanza kunyesha nyumbani Kenyamonta.

Nimeituma kwa anwani ya hospitali huko Tabora, kwa mkono wa Sista, kama ulivyoagiza, ili isifike nyumbani kwako. Tafadhali uisome ukiwa peke yako, na uisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Barua yako ya mwezi wa sita niliipata. Najua umekaa miezi mitano ukidhani labda imepotea, au labda ndugu zako tumeamua kunyamaza. Haikupotea. Niliisoma gereji, nikaisoma tena nyumbani, nikaificha kwenye sanduku la spana. Uliandika kwamba mumeo Stanslaus amekuvunja mkono, na kwamba baba yake mdogo, Mzee Waitara, amekubali uondoke na mtoto wako endapo mahari yote itarudi, ng'ombe thelathini. Uliandika, "Athanas, wahesabu tu na kuwapeleka." Dada, ng'ombe hawakuwepo. Niliwauza mwaka jana mwezi wa nane, nikanunua gari.

Wewe ulidhani wako zizini kwa mama. Mama mwenyewe aliamini nimewahamishia kwa rafiki yangu huku Tarime kwa sababu ya wezi. Nilimdanganya. Ni kweli wezi walikuwa wamechukua mifugo ya majirani wawili, na ni kweli watu walikuwa wakisema kwamba tukihamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa ng'ombe wote watakuwa wa pamoja. Hayo ndiyo niliyojiambia. Lakini nisikufiche kitu: nililitaka lile gari. Tangu nifanye kazi Musoma nikayaona magari ya mashindano yakipita, vumbi likiinuka nyuma yao, sikuwahi kuacha kuyafikiria.

Lilikuwa Datsun jipya la milango miwili, la mbio, jekundu, boneti ndefu, viti viwili tu mbele na nyuma hakuna hata mahali pa kuweka gunia. Lilikuwa moja tu katika duka la Mwanza. Fedha za ng'ombe zilifika nusu ya bei. Nusu nyingine alitoa Ramadhan, yule rafiki yangu mwenye duka la vitambaa hapa sokoni. Tuliandikiana kwamba tutalikodisha kwa maharusi na wakubwa, baada ya mwaka tuliuze kwa faida, na siku ya kuuza yeye atarudishiwa fedha zake kwanza, zote. Mimi nitachukua kitakachobaki. Niliona ni maandishi mazuri. Sikufikiria kwamba bei ikishuka, itashuka upande wangu peke yangu, maana yake upande wako.

Mimi ni fundi. Najua gari likitoka tu dukani bei yake imeshapungua, hata kama halijakanyaga tope. Wateja wangu nimewaambia hivyo miaka yote. Mimi mwenyewe sikujiambia.

Miezi miwili haikupita petroli ikapanda, ikapanda tena. Maharusi wakarudi kukodi Landrover. Januari akaja bwana mmoja wa Musoma, mkandarasi wa barabara, anayependa magari ya kasi. Bei aliyotaja ingetosha kumlipa Ramadhan na kununua ng'ombe ishirini na tano. Nikakataa. Nikasema gari lina miezi mitano tu, siwezi kupoteza ng'ombe watano. Aprili akataja bei ya ng'ombe ishirini. Nikakataa tena, nikamngoja mteja mwingine ambaye hakuja. Kisha Mwanza zikaingia Datsun za sura mpya, na langu likawa la zamani bila kuzeeka.

Ndipo ikaja barua yako. Toka siku hiyo nililifunika gari kwa turubai, nikawa naenda kazini kwa miguu. Kila maili kwenye saa ya gari niliiona kama mguu wa ng'ombe wako unaokatwa. Nilikuwa naifunua turubai asubuhi, nalifuta vumbi, nalifunika tena. Wegesa alinitazama wiki nzima, halafu akasema, "Hilo gari unalilinda kama mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe yuko Tabora." Alikuwa amelifungua sanduku la spana.

Nilimwendea Ramadhan nimwombe asamehe sehemu ya fedha zake. Alinikaribisha chai, akanisikiliza. Yeye ni mtu mwema, lakini alikuwa anadaiwa mali aliyochukua kwa mkopo, na duka lake halikuwa na kitu rafuni. Akaniambia, "Landrover ya mwaka sitini na mbili ina wateja watano. Hili letu lina watazamaji tu. Uza, Athanas, kabla hata watazamaji hawajachoka." Nilitoka nikijua anasema kweli, na bado sikuuza. Niliogopa ile siku ya kuhesabu kilichobaki.

Septemba mambo yakanifikia. Mdogo wetu Kisyeri alikuja kwa lori la pamba kuniambia kwamba Mzee Waitara atafika Kenyamonta Jumamosi kuwaona ng'ombe, na kwamba mama ameniagiza niwalete. Kisyeri alisimama mlangoni mwa gereji akiitazama ile turubai. Nikamweleza yote. Hakunipiga. Alikaa chini kwenye tairi, akauliza, "Dada anajua?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi Jumamosi utakwenda nalo, ukawaonyeshe ng'ombe wako."

Tukaenda nalo. Si gari la barabara zile, dada. Tumbo lake liko chini mno. Baada ya Nyakunguru lilikwaruza mawe, na karibu na mto Mara nikasikia chuma kikigonga jiwe kwa nguvu. Nikashuka, nikakuta oili inadondoka. Nikaziba kwa sabuni na kitambaa, tukaendelea polepole.

Hungepatambua nyumbani. Watu wote wamehamishiwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zimepangwa mstari, nyingi bado ni fito tupu. Ya mama ilikuwa imeezekwa upande mmoja. Mzee Waitara alikuwa ameketi kivulini upande huo, na wazee wawili wa ukoo wake, na balozi wa nyumba kumi kama shahidi. Nilisimamisha gari mbele yao. Watoto wakaja mbio, wakubwa nao wakaja.

Nikamwamkia mzee, nikasema mbele ya wote kwamba ng'ombe nimewauza na kwamba nilichonunua ni hiki. Mama alikuwa ameshika kikapu. Akakiweka chini taratibu, akaingia ndani.

Mzee Waitara aliinuka akalizunguka gari, akaligusa boneti kwa ncha za vidole. Akauliza, "Hii inazaa mara ngapi kwa mwaka?" Watu wakacheka. Mimi na Kisyeri hatukucheka. Mzee akaendelea kulitazama, akafungua mlango, akakaa ndani na fimbo yake, akatoka. Akateta na wale wazee wawili. Kisha akarudi akasema neno ambalo sikulitarajia.

"Stanslaus ana hamu ya gari muda mrefu. Tukilichukua hili, wale thelathini wamekwisha. Binti yenu aje, na mtoto wake aje. Tuandikishane leo."

Dada, nilikuwa na funguo mkononi. Kisyeri alinitazama kama mtu anayenishika shati. Neno moja tu lilitakiwa. Lakini nilijua chini ya gari lile oili ilikuwa inatoka. Nilijua nusu yake ni ya Ramadhan, na yeye angelifuata popote. Nilijua bei yake siku ile haifiki nusu ya ile waliyodhani, na Stanslaus angeligundua hilo siku ya kwanza atakapoliingiza gereji. Angekuja kudai, na angeanza na mtoto. Lakini sitaki ufikiri nilipiga hesabu hizo zote kwa utulivu. Nilimwambia, "Mzee, gari hili halifikii ng'ombe wale. Limepasuka chini, na lina mwenzangu ndani yake. Nikikupa, nitakuwa nimekuibia."

Mzee akasema, "Basi thelathini. Mwisho wa mwezi wa kumi. Ikipita hapo, neno langu limekwisha na binti yenu atabaki kwa mumewe."

Walipoondoka Kisyeri alinifuata nyuma ya nyumba. Akasema, "Umesema ukweli, na kwa ukweli huo atapigwa dada." Najua kila siku ya zile wiki sita za kungoja ilikuwa yako kuumia, si yangu. Mama alitoka akatukuta tumesimama hivyo. Alisema, "Mnagombana juu ya nani alisema nini. Mwanangu analala wapi leo?" Akatuambia tuondoke tukatafute ng'ombe.

Nililivuta gari hadi Tarime kwa trekta la chama cha ushirika, nikalichomea, nikampelekea yule mkandarasi wa Musoma. Safari hii sikungoja ataje bei mara ya pili. Ramadhan nikamlipa zake zote. Zilizobaki zilinunua ng'ombe kumi na watatu. Kumi na watatu, dada, mahali pa thelathini, kwa mwaka mmoja na mwezi mmoja, na gari halikuwahi hata kupata ajali.

Nikauza mashine yangu ya kuchomelea pamoja na jeki kubwa, nikapata wanane. Sasa nimeajiriwa kwenye karakana ya watu, kwa mshahara, na Wegesa ameanza kuuza maandazi. Usisikitike juu ya hilo, ni haki yangu. Kinachoniuma ni Kisyeri. Alikuwa na ng'ombe sita aliowapata kwa jasho lake akichimba dhahabu, na Desemba alikuwa aoe. Aliwaleta bila kuitwa. Alikwenda mwenyewe kwa baba wa mchumba wake kuomba mwaka mmoja. Mzee yule amempa miezi minane tu, na hajaahidi kitu zaidi ya hapo. Mama alitoa watatu. Ndipo tukafika thelathini.

Tarehe ishirini na tisa Oktoba Mzee Waitara alikuja kuhesabu. Aliwapitisha mmoja mmoja kwenye mlango wa zizi, akiwapapasa mgongo. Alipofika wa mwisho, akasimama. Alikuwa ni mmoja wa wale niliowanunua mnadani, anachechemea mguu wa nyuma. "Huyu simpokei," akasema. Nikamwomba siku mbili. Akasema mwezi una siku mbili zilizobaki, lakini yeye hatembei tena maili zote zile. Alianza kuchukua fimbo yake.

Mama hakubishana naye. Alikwenda akamfungua yule ng'ombe wake mweupe wa maziwa, wa pekee aliyebaki, akamleta akimshika sikio, ndama akimfuata. Akasema, "Ndama si wako. Mama yake mchukue." Mzee alimpapasa ng'ombe mgongo, kisha akamwambia balozi aandike.

Karatasi imeandikwa nakala mbili, zote zina dole gumba la Mzee Waitara na sahihi ya balozi. Moja anayo mama. Ya pili imo ndani ya bahasha hii, pamoja na nauli ya treni. Inasema kwamba mahari ya Philomena imerudi yote na kwamba mtoto wake Agustina ni wa kwetu. Ukimaliza kusoma, mpe Sista akutunzie mpaka siku ya kuondoka. Usimwonyeshe Stanslaus. Barua ya baba yake mdogo itamfikia baada ya wiki mbili hivi, na ningependa isikukute hapo.

Panda treni ya Alhamisi tarehe kumi na nne. Kisyeri atakuwa stesheni ya Mwanza Ijumaa toka asubuhi. Nilitaka kuja mimi, lakini alisema ataenda yeye, na sikuona kwamba nina haki ya kumbishia. Usiposhuka Ijumaa atangoja treni inayofuata, na nyingine baada ya hiyo. Hatarudi bila wewe.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukifika utaniambia uso kwa uso lolote ulilonalo, nami nitakaa nisikilize.

Wegesa anakusalimu na amemshonea mtoto gauni atakalovaa Krismasi. Ramadhan anakupa pole na heri. Mpe Sista shukrani zetu nyingi. Mungu akulinde siku hizi kumi na moja zilizobaki, akufunike wewe na mtoto njiani.

Nyumba ya mama imekwisha kuezekwa pande zote, na kitanda chenu kiko tayari. Amesema usihangaike na vyombo wala nguo wala kitu chochote cha nyumba ile. Mshike mtoto mkono, uje.

Mdogo wako akupendaye,
Athanas