Jino Langu la Skrubu Limebaki

Jino halitang'olewa, Baba Minza! Linabaki mdomoni mwangu, na hiyo ni kazi ya mwanao, daktari wa meno, yule uliyetaka asomee ualimu.

Haya, sasa salamu: mwangaluka. Goti lako linaendeleaje? Yule ng'ombe mweusi kazaa? Mimi huku Dar es Salaam ni mzima. Nimeandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Unakumbuka nilivyojisifu soko zima la Nkololo kwamba Minza amenipandikizia jino, limefungwa kwa skrubu ndani ya mfupa? Basi, wakati mnapalilia pamba, nami nipo huku kwa Minza, fizi yake ilivimba, ikatoa damu na usaha. Nikamficha Minza. Ningemwambiaje kazi yake imeharibika, na mimi nimeshamtangaza wilaya nzima? Nikawa natafunia upande mmoja. Ulipotuma matobolwa, nikasema nimeshiba.

Minza akanikazia macho. "Mama, tangu lini wewe ukashiba viazi vikavu vya nyumbani? Hebu fungua mdomo."

Nikafungua huku nalia. Nikamwambia yale maneno yako, kwamba mwili unakataa kitu kigeni.

"Baba naye! Wadudu waliingia kwenye fizi, askari wa mwili wakaja kuwakamata. Sasa ni kama sungusungu waliokuja kumsaka mwizi wa ng'ombe, wakapandwa na hasira, wanavunja mpaka zizi la mwenye mji."

Zizi lenyewe ni mfupa wangu. Likiisha, jino linadondoka.

Akanipeleka kwa daktari aliyemfundisha. Wakasafisha chini ya fizi, kisha wakaweka dawa ambayo bado inajaribiwa. Haiwaui wale askari, inawatuliza tu. Walinieleza wazi kwamba huenda isisaidie, nikatia sahihi yangu mwenyewe, si dole gumba! Tangu hapo wananipiga picha kila mara. Jana wamesema mfupa hauliwi tena, ila niendelee kuangaliwa.

Minza akatoka nje. Nikamfuata, nikamkuta anafuta machozi.

"Jino ningekuwekea jingine," akasema. "Lakini ukinificha maumivu, mama, mimi nitakutibu vipi?"

Nilimkumbatia pale pale, watu wakitutazama. Nikawaambia, huyu ni wangu, wa Nkololo.

Msalimie mama mkwe, na kaka yangu wa Maswa. Na dada yako aliyesema jino langu litaozea mdomoni, mpe salamu mara mbili. Minza amepata ruhusa, tunakuja naye. Niandalie matobolwa yale magumu kabisa, nitayatafuna kwa upande wa jino hilohilo.

Mimi mkeo, Mama Minza.

Waambie wote waje Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, wakitoka kanisani. Dada yako akae mbele.