Mtani wa Mheshimiwa Diwani

Ipagala, Dodoma
12 Novemba, 1994

Kwako Dada Stara,

Shikamoo, Dada. Mpe Shemeji Harithi salamu zake kabla hujaendelea kusoma, maana ukianza kucheka utasahau. Huku hatujambo. Mama ni mzima isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yanatabiri mvua kuliko redio. Watoto wanakula, vumbi linatutembelea kila alasiri bila kupiga hodi, na spika zangu za kukodisha hazijapumzika tangu Septemba. Wasiwasi wetu ni kifua chako. Tuandikie kama umepata nafuu.

Bila shaka umesikia kwamba tumechagua madiwani, na safari hii kwa vyama vingi. Serikali ililegeza sukari, ikalegeza mitumba, mwishowe ikalegeza na midomo. Kwa mtu wa spika hiyo ni neema. Zamani chama kilikuwa kimoja na mteja mmoja. Sasa asubuhi nawafungia hawa, jioni wale, na hotuba zote nazisikia bure. Shule niliishia darasa la saba, lakini naamini chuo kikuu nimekimaliza kwa masikio.

Unamkumbuka Ludovick wa Zuzu, yule mwembamba aliyekuwa akipita kwetu na baiskeli ya baba yake akienda shule, na Mama akimpa chai? Alisoma uchumi Mlimani, akaendelea ng'ambo, akarudi daktari asiyejua kuchoma sindano. Wakamweka wizarani Dar es Salaam kupanga mipango. Siku moja akasimama mbele ya wafadhili akasema kwamba soko limefunguliwa kwenye karatasi tu, mkulima bado yuko nje ya mlango. Wafadhili wakaandika. Wakubwa wake nao wakaandika, na ya kwao ndiyo iliyofika kwanza: amestaafishwa kwa manufaa ya umma. Akarudi Zuzu kwenye shamba la mzabibu la marehemu baba yake, akajiunga na upinzani, akagombea udiwani wa kata yetu.

Watu walimshangaa, msomi mzima kung'ang'ania udiwani. Yeye akajibu kwamba ushuru wa soko haupangwi Bungeni, unapangwa halmashauri. Na hapo alikuwa na hoja, Dada, kwa sababu huku mkulima wa zabibu hutozwa ushuru getini, kabla hajauza hata kishada. Zabibu zikimwozea jioni, ushuru haurudi. Lakini mkewe, Anjelina, alimwambia waziwazi, nami nikiwapo nafunga nyaya, kwamba akishindwa wanauza shamba na kwenda Lusaka ambako kuna kazi inamngoja. Masanduku alikuwa ameshayafunga. Alisema hakuolewa ili azeeke akimsikiliza mumewe akihutubia mbuzi.

Na kweli mbuzi walikuwepo. Mkutano wake wa kwanza alizungumzia mfumuko wa bei, uwiano wa mauzo ya nje, na vitu vingine ambavyo hata jenereta langu lilivisinzilia. Kina mama waliondoka kwa adabu, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka msibani kabla ya chakula. Nilimhurumia. Kesho yake nikamkuta sokoni, nikamfanyia kile ambacho sisi Wanyamwezi tumewafanyia Wagogo tangu enzi za misafara: nikamtania. Nikamwuliza mbele za watu kama huko ng'ambo alilipia masomo au alilipwa akubali kuondoka. Naye akanirudishia kwamba Mnyamwezi ameumbwa bega kwanza, kichwa kikaongezwa baadaye ili mzigo upate pa kuegemea. Soko zima likacheka. Nikajiambia, kumbe mtu huyu anaweza kuongea. Ila jukwaani hana mtani wa kumwamsha.

Sasa, palikuwa na bwana mmoja akiitwa Ambokile, ametoka Mbeya kusimamia kampeni ya mgombea wa chama tawala. Kijana nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alinisikia siku ile sokoni, akaona amepata dhahabu. Akanifuata, akaniambia kwamba ametambua jinsi ninavyomchukia yule msomi, na kwamba ananiomba nipande jukwaani kwenye mkutano wao wa kufunga kampeni nimseme vilevile. Dada, kwao kuna watani pia, lakini wa kwetu hakuwajua, na jina langu la Mbaruku lilimfanya anidhanie mtu wa pwani. Mtoto yeyote wa Dodoma angemweleza. Mimi hakuniuliza, nami sikutaka kumkatiza mtu anapopanga mambo yake.

Siku ilipofika, uwanja ulijaa hadi barabarani. Nikapanda. Nikasema Mgogo huyu anatumia maneno marefu kwa sababu kwao kila kitu ni kirefu isipokuwa msimu wa mvua. Nikasema alikwenda ng'ambo na akili ya mbuzi, akarudi nayo ikiwa imepigwa muhuri. Ambokile akapiga makofi mpaka kalamu moja ikadondoka. Lakini wazee wa Kigogo waliokaa mbele wakaanza kugeuza shingo. Unajua kanuni: utani hauna upande mmoja. Aliyetaniwa asipopewa nafasi ya kujibu, yale yanakuwa matusi, na matusi yana faini yake. Mzee mmoja akasimama akauliza mtani wangu yuko wapi. Wengine wakadakia kwamba aletwe, aletwe! Ludovick alikuwa nyuma kabisa na baiskeli yake, amekuja kusikia anavyochinjwa. Wakambeba juujuu mpaka jukwaani, baiskeli ikafuata.

Akashika kipaza sauti, akanitazama. Niliogopa ataanza na uwiano. Badala yake akawaomba watu wanihurumie, maana babu zangu walibeba pembe hadi Bagamoyo bila kuuliza ni za nani, na mimi nabeba spika bila kuuliza zinasema nini. Uwanja ukalipuka. Akangoja. Kisha akasema kwamba zamani Wagogo waliitoza misafara ya Wanyamwezi ikipita hapa, na anadhani laana ya wapagazi ndiyo imewapata, kwani leo wanaotozwa ni Wagogo wenyewe, tena nyumbani kwao. Ila Mnyamwezi, akasema, alitozwa akiwa na pembe begani. Mkulima wa leo anatozwa akiwa na matumaini tu. Hapo hakucheka mtu. Akamaliza kwamba wakimpa kura, kitakachotozwa ni kilichouzwa, basi.

Ambokile alikuwa ameshafika kwenye jenereta. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba chombo kile kina tabia zake, kikizimwa hovyo hakiwaki tena, na aliyekuwa akisubiri kuongea ni mgombea wake. Akakiacha.

Dada, tumeshinda! Vigelegele vilisikika mpaka stesheni. Anjelina amefungua masanduku, na gauni aliloliweka kwa safari ya Lusaka ndilo alilovaa siku mumewe alipoapishwa. Wiki hii baraza limekubali: ushuru wa zabibu utatozwa jioni, kwa zilizouzwa. Madiwani wa upande wa pili nao wana mizabibu, na itikadi huishia kwenye ua wa shamba.

Juzi Mheshimiwa alikuja nyumbani na tenga la zabibu kumshukuru Mnyamwezi wake. Alipoondoka, Mama akacheka mpaka akashika magoti, halafu akaniambia jambo ambalo marehemu Baba alimkataza kulisema. Babu yetu Abdulswamadu hakuwa Mnyamwezi. Mwaka wa ile njaa kubwa aliletwa mjini akiwa mtoto, na mfanyabiashara wa chumvi kutoka Tabora akamlea, akampa jina na dini. Alizaliwa Mgogo, Dada. Mgogo wa Zuzu. Niliyemtukana mbele ya kata nzima ni ndugu yangu.

Sikulala vizuri, kisha nikafikiri, nikalala. Ludovick anataka kugombea ubunge mwakani, na ndugu akimsema ndugu jukwaani ni aibu, bali mtani ni burudani. Kwa hiyo nimeamua kubaki Mnyamwezi mpaka uchaguzi mkuu upite. Nawe nyamaza kwa faida yako: umeolewa katikati ya Unyamwezi, na Shemeji akijua kwamba amemwoa mtani wake, hutakula kwa amani tena.

Mama anakusalimu, na Anjelina ameniagiza nikusalimu pia. Mbusu kila mtoto kwa niaba yangu, na kunywa dawa ya kifua.

Ni mimi mdogo wako, Mnyamwezi kwa muda,
Mbaruku