Swali ya tatu kwa fishi ya meno

Blandine! Adrienne, ule tunasoma naye, kinywa yake imemuponza leo, mbele ya kambi yote ya wakimbizi ya Kitshanga.

Mama Kaswera, mwalimu wetu ya meno, alisema tusomee wagonjwa fishi, ile karatasi ya maswali, kwa sauti, tuandike majibu. Sawa.

Mama moja akafungua kinywa: meno ine ya mbele haiko. Adrienne akacheka! Akasoma swali ya tatu: "Nani alikutoa meno?" Akaongeza yake: "Huyu si munganga, ni muchinjaji."

Ule mama akasoma jina ya Adrienne kwa blouse yake nyeupe ya kazi.
"Weye binti ya Papa Ngabo wa Muheto?"
"Njo mimi."
"Ni kaka yako Jérôme, ule aliingia pori na waasi. Kwa kitako ya bunduki."

KAKA YAKE, Blandine. Kaka yake!

Adrienne akaangusha kalamu. Mama Kaswera akaiokota, akamurudishia:
"Swali ya tatu. Andika jina."