Asubuhi Niliyompeleka Ruthie Shuleni

Al Mansoura, Doha

Mjukuu wangu Neema,

Sisi huku hatujambo. Mama yako ametoka zamu ya hospitali, amelala. Mimi joto limenifungia ndani, na miguu inaniuma kama kawaida.

Umesoma darasani habari za watoto weusi wa Amerika walioingia shule za wazungu. Kwa kuwa nilisomea huko miaka hiyo, unaniuliza walitoa wapi nguvu ya kurudi kila siku.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mweusi aliyefulia watu nguo. Binti yake Ruthie, wa miaka tisa, alikuwa mtoto mweusi pekee katika shule ya wazungu. Asubuhi moja mama aliugua, nikampeleka mimi. Tuliyotukanwa njiani sitayaandika. Langoni nilimshika mkono, nikamwambia, "Twende zetu nyumbani."

"Nikirudi leo, kesho nitaanza upya," akasema, akaingia.

Jioni alilala na viatu miguuni. Nikamwambia mama yake kwamba sitaweza kumpeleka tena. Nilikuwa mtu mzima, na siku moja tu ilikuwa imenimaliza. Nikangoja anilaumu.

"Hata mimi nimechoka," alisema, akimvua mtoto viatu polepole asimwamshe. Kisha, na homa yake ile, akalipiga pasi gauni la kesho.

Nguvu unayoiulizia, Neema, mimi sikuiona nyumbani mle. Niliwaona wamechoka, na asubuhi wakaenda wote wawili.

Nakuombea kila siku,
Nyanya yako