Kuku wa Neema

Mama, shikamoo.

Niko Mungaa, na upepo wa huku unataka kuninyang'anya hii kadi. Unakumbuka utafiti wetu wa damu, ule wa protini zinazolinda chembe za mwili wakati wa homa, na jinsi chembe hizo zinavyotunza madini ya chuma? Mtoto mmoja tuliyempima, Neema, wa miaka saba, amefariki kwa malaria. Leo nimekwenda kumuuliza mama yake kama damu ya mwanawe tuimwage au tuendelee kuitunza.

"Kumbe bado ipo?"

"Ipo, mama. Kwenye friza, mjini."

Akasema, "Msiimwage. Nguo zake nimeshagawa zote."

Halafu akakamata kuku akanichinjia, maana mgeni haondoki hivi hivi. Nilikuwa nimeshaanza kula aliponiambia kuku huyo alikuwa wa Neema, alimfuga tangu akiwa kifaranga. Nilimaliza, Mama. Ningekataaje?

Usiache kumeza dawa zako, na jioni ujifunike vizuri. Nami nikirudi nyumbani, nakuomba sana, usinichinjie kuku.

Mwanao,
Rehema