Magadi Yako Yameingia Kisimani

Kidahwe, Kigoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijasema langu, nataka kujua goti linaendeleaje, na kama Baba bado anakuficha ile fimbo yako kwa utani. Mimi nimenona. Mtu wa Moshi akikuambia nimekonda, usimwamini, hajafika huku.

Sasa habari yenyewe: magadi uliyonifungia kwa ajili ya maharage yameishia kisimani. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Unajua tumeletwa na mtambo wetu kuchimbia visima kambi ya wakimbizi wa Burundi, mbele kidogo ya Kidahwe. Watu ni wengi na maji yanaletwa kwa boza. Shida ni kwamba mtambo nao unakunywa. Tunapochimba tunasukuma tope chini kupitia bomba, nalo linapanda limebeba mchanga na kokoto, huku likikandika kuta za shimo zisibomoke. Kazi yangu ni hilo tope. Likiwa jepesi mno linapotelea mchangani, likiwa zito mno pampu inakabwa. Zuri ni lile linalokimbia likisukumwa, na likiachwa linatulia na kushika, kama uji uliosahaulika mezani.

Huwa tunatumia udongo maalumu wa magunia, ila magunia yetu yamekwama na behewa huko Tabora. Tukajaribu kuchimba hivyo hivyo kwa tope jepesi. Shimo lilipofika kwenye mchanga likameza maji yote, na kuta zikaporomoka, wanawake wenye madumu matupu wakitazama. Niliona aibu, Mama, aibu kweli.

Mmoja wao anaitwa Mama Kaneza, mtu mzima wa rika lako, aliyeingia nchini kwa miguu kupitia Kagunga. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, mbona ardhi inanyweshwa kabla ya watoto?"

Jioni nilimfuata hemani kumweleza. Akanikalisha kwenye ndoo aliyoipindua, akaomba radhi kwamba hana cha kunipa. Kwao mgeni hupewa kinywaji, na mwenye nyumba hukionja kwanza mbele yake.

"Tangu nivuke mpaka sijamwonjea mtu," akasema. "Hapa kila siku mgeni ni mimi."



Kesho yake wakuu wa kambi wakatuita. Tungepewa boza moja tu, na shimo likilimeza na hilo, mtambo uhamie kambi nyingine. Basi nikaenda bonde la Luiche, upande wa Ujiji, nikarudi na pikapu imejaa udongo wa mfinyanzi. Kwa macho ulipendeza, lakini kwenye ndoo ulizama na kukaa chini, maji yakabaki juu. Nilijua unachokosa. Chuoni tulifundishwa kwamba udongo wa namna hiyo ukipata magadi hufura na kuteleza. Nikafungua kifurushi chako.

Fundi wetu mkuu ni Mzee Salum, mtu wa Tanga, na ulimi wake unaujua kwa barua zangu. Akanitazama weee, kisha akasema, "Binti, hapa tunachimba kisima, hatupiki maharage."

Nikamwambia avumilie, yataiva. Ndoo ya kwanza niliizidishia magadi, tope likasimama kama ugali, na yeye akafurahi kuliko ilivyostahili. Ya pili nikapunguza, nikaiacha ilowe hadi asubuhi. Tuna kikombe chenye tundu chini: unakijaza tope na kutazama linavyochuruzika. Lilitoka laini, bila kukatika, na nilipoliacha likashika. Mzee Salum akachovya kidole, akakisugua, akakisugua tena. Halafu akamtuma dereva Ujiji kununua magadi ya sokoni.

Tulipoufikia ule mchanga nilikuwa nimesimama kando ya dimbwi la tope, nikiangalia kama linapungua. Lilishuka kidogo, na roho yangu ikashuka nalo. Kisha likatulia. Kuta zilishika, Mama. Tukaupita mchanga, tukakuta maji kwenye mwamba uliopasuka. Tukashusha mabomba na kuliosha shimo mpaka maji yakatoka safi, yakapimwa, pampu ikafungwa.

Siku ya kufungua, wenzake walimpisha Mama Kaneza mbele ya foleni. Akajaza dumu lake, akachota kikombe. Nikadhani nitaonja mimi, maana sisi ndio wenye nchi na mtambo ni wetu, nikanyoosha mkono. Akaurudisha taratibu. Akanywa yeye funda moja, akiwa amenitazama usoni, ndipo akanipa kikombe kwa mikono miwili.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Wewe umetoka mbali."

Nililia hadharani, mbele ya Mzee Salum, na sijali.

Msalimie Baba, umwambie aitoe hiyo fimbo. Dada Mary asiuze kile kitenge changu, nakuja kukishona mwenyewe. Mjomba Eliya wa gereji mwambie ile pampu yetu ya tope aliyoidharau ndiyo iliyofanya kazi. Bibi mbusu mikono yote miwili.

Na unitumie magadi mengine, tafadhali. Haya ni ya maharage kweli: Mama Kaneza amenialika kula kwake, na siwezi kwenda mikono mitupu.

Mwanao mwenye tope hadi masikioni,
Upendo